Feni ya chumba cha uyoga inamnyima jirani usingizi

Dada, umesema feni ya chumba chako cha uyoga inamnyima jirani wa chini usingizi. Kabla hujanunua magodoro ya kubandika ukutani kuzuia kelele, weka kiganja ukutani feni ikizunguka. Ukuta ukitetemeka, kinachomfikia jirani wa chini ni mtetemo, na godoro halitauzuia. Ing'oe feni, uining'inize kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, uiunge na bomba linalopindika, lisikazwe.

Kisha punguza mwendo. Ukishuka hadi nusu, kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi. Ndiyo maana feni kubwa ya polepole ni bora. Regileta, yaani kidhibiti mwendo, iwe ya feni, ya taa huifanya feni ivume. Ila usiizime usiku, na joto hili la Mombasa! Hewa ikituama, uyoga hurefuka shina, kofia zikadumaa. Mvumo utakaobaki, pangaboi la jirani mwenyewe litaumeza.