Makala za mtafiti "zimenukuliwa" au "zimerejelewa"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika wasifu wa profesa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu ambaye chuo chetu kinataka kumpa tuzo. Niliandika hivi: "Makala zake 64 zimenukuliwa mara 1,900, na athari za utafiti wake ni kubwa." Mhariri amefuta "zimenukuliwa" na kuweka "zimerejelewa", kisha neno "athari" akalizungushia duara bila maelezo. Je, nilikosea? Na kile kipimo cha herufi h, ambacho kwake ni 22, nikiiteje?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi katika yote mawili, ingawa ilimpasa akueleze sababu.

Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu jinsi alivyoyasema au alivyoyaandika na kuyaweka katika maandishi yako. Ndiyo maana tunazungumzia alama za kunukuu, na ndiyo maana neno hili ni la ukoo mmoja na kunakili. Kurejelea kumetokana na kurejea, likaongezwa umbo la kutendea: mwandishi anamrudisha msomaji kwenye kazi fulani, hata kama hakuchukua neno lake hata moja. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika sayansi ya tiba. Mwaka 1990 Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling walichapisha katika jarida la Brain makala kuhusu konzo nchini Tanzania, ule ugonjwa unaopooza miguu ghafla na unaohusishwa na kula muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu vya kutosha. Mtafiti wa leo anayechunguza konzo huko Kongo ataitaja makala hiyo ili kuonyesha namna ugonjwa unavyotambuliwa, au kulinganisha matokeo yake na yale ya zamani, au pengine kupinga jambo fulani lililomo. Katika hali zote hizo amerejelea. Hajanukuu mpaka atakapoandika sentensi yao ndani ya alama za kunukuu. Zile hesabu zinazohesabu makala imetajwa na makala nyingine ngapi, ambazo Eugene Garfield aliziwekea msingi kwa faharasa yake ya marejeleo ya makala za kisayansi ya mwaka 1964, hazihesabu maneno yaliyonakiliwa bali marejeleo.

Kuhusu "athari", ningelifuta bila kusita. Katika Kiswahili neno hili halina ubaya lenyewe, lakini tulilizoea zaidi penye madhara: athari za mafuriko, athari za kiharusi, athari za dawa. Msomaji anayekutana na "athari za utafiti wake" katika wasifu wa daktari wa ubongo anaweza kudhani kuna wagonjwa walioumizwa na utafiti huo, na hilo ni jambo zito la kumtwisha mtu siku ya tuzo yake. Tumia "mchango", au sema waziwazi kwamba kazi yake imetegemewa na watafiti wengi.

Kipimo ulichokitaja kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, nami nakiita fahirisi ya h, kwa kuwa neno fahirisi tayari tunalitumia katika takwimu, kama katika fahirisi za bei. Shida haiko katika jina. Iko katika maelezo. Nimeona mara nyingi watu wakiandika kwamba fahirisi ya 22 maana yake ni "makala 22 zilizorejelewa mara 22". Sentensi hiyo inaweza kusomeka kwamba makala zote 22 kwa pamoja zimepata marejeleo 22 tu, yaani wastani wa moja moja! Neno linalookoa maana ni "kila moja": ana makala 22 ambazo kila moja imerejelewa si chini ya mara 22. Na kwa sababu hiyo, mtafiti mwenye makala moja tu, hata ikirejelewa mara 5,000, fahirisi yake ni 1.

Kasoro hiyohiyo imo katika sentensi yako ya kwanza, nayo mhariri hakuigusa. "Makala zake 64 zimerejelewa mara 1,900" haituambii kama hiyo ni jumla au ni hesabu ya kila makala. Ongeza "kwa jumla". Ningeiandika hivi:

"Profesa amechapisha makala 64, ambazo kwa jumla zimerejelewa mara 1,900 na watafiti wengine, kati ya hizo, 22 zimerejelewa kila moja si chini ya mara 22."

Ukiiandika hivyo, hata ile h unaweza kuiacha.