Hela za Mjerumani nilizozichimbua shambani ni zangu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Niko Uyui, Tabora. Nimekodi ekari mbili kwa jirani, nalima tumbaku. Rafiki yangu ana ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma. Tuliipitisha shambani tukachimbua kopo la hela za Mjerumani, nyingi za 1916 zenye herufi T. Yeye anasema ni rikazi, yaani hazina ya kale iliyozikwa: tutoe khumsi (moja ya tano), zilizobaki tugawane. Na kuna mganga anataka mbuzi mweusi wa jini anayelinda nyingine.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Nianze na mbuzi, maana hilo ni fupi. Kumchinjia asiyekuwa Allah ni shirki, na nadhani mganga ana hamu ya nyama kuliko huyo jini.

Rafiki yako hadithi anaijua, ila ameiweka pasipo pake. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amesema katika rikazi kuna khumsi, wamepokea Bukhari na Muslim. Lakini kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, rikazi ni mali iliyozikwa zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu. Hizo zenu zilipigwa hapo hapo Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika karakana ya reli, na T ndiyo Tabora yenyewe. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Hata mngepata pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani ya mwaka 1299 Hijria, isingekuwa rikazi.

Sasa ni ya nani? Wewe umekodi kulima. Hukukodi kilichomo ardhini. Mwulize jirani. Akisema ni ya wazee wake, mpe. Akikana, anaulizwa aliyekuwa na shamba kabla yake, hivyo hivyo mpaka kwa aliyelifyeka pori. Wote wakikosekana, hiyo ni mali iliyopotelewa na mwenyewe: itumike katika maslahi ya Waislamu, na wasimamie watu waaminifu, si wewe na rafiki yako peke yenu.

Bukhari na Muslim wamepokea pia kisa cha mtu aliyenunua ardhi akakuta mtungi wa dhahabu, akamrudishia muuzaji: mimi nilinunua ardhi tu. Muuzaji naye akakataa: nilikuuzia ardhi na vilivyomo. Wakaenda kuamuliwa, wakaambiwa wawaozeshane watoto wao na mali iwahudumie. Walikuwa wakigombania kutoa! Nyinyi hata mwenye shamba hamjamwambia.

Mashine yenyewe haina ubaya, ila msiipeleke kwenye tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale alimokaa Livingstone. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa anayefukua vya kale.

Kopo lipeleke leo kwa jirani, na mashahidi wawili. Wala msizisugue kwa mchanga zing'ae. Wanunuzi wa sarafu za kale hushusha bei wakiona mikwaruzo, na hasara hiyo mtailipa nyinyi.