Barua kwa mwanangu: kuomba na kutumika

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata, na nimekawia kuijibu kwa sababu swali lako linastahili kufikiriwa. Unasema umejitoa sana katika huduma za kanisa: unafundisha watoto, umo katika kamati mbili, unaimba kwaya, na kila wiki unakwenda kumwogesha yule mzee mgonjwa ambaye hawezi tena hata kusema. Pamoja na hayo yote, ukipiga magoti maneno yanakauka na moyo unatangatanga. Sasa unaniuliza kama uache huduma zote mpaka maombi yako yarudi, au uendelee kutumika ukiamini kwamba kazi hiyo yenyewe yatosha kuwa sala.

Mimi nisingechagua lolote kati ya hayo mawili. Ningekushauri upunguze huduma, ukianza na zile zinazoonekana na watu, ubaki na ile ambayo hakuna anayekushukuru kwayo. Kisha hao unaowahudumia ndio wawe maombi yako.

Fungua Injili ya Luka sura ya 10, usome mfululizo mpaka mwanzo wa sura ya 11. Tumezoea kuhubiriwa habari hizo moja moja, Jumapili hii Msamaria mwema na Jumapili nyingine Martha na Mariamu, hata tukasahau kwamba Luka amezipanga zikifuatana. Kwanza ni Msamaria, aliyemfunga jeraha mtu asiyemjua, akamlipia dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa zaidi atakaporudi; na mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani anaambiwa, “Enenda zako, nawe ukafanye vivyo hivyo.” Mara baada ya hapo tunaingia nyumbani kwa Martha, ambaye kutenda kumemlemea, na dada yake aliyeketi akisikiliza ndiye anayesifiwa. Kisha Yesu mwenyewe anaonekana akisali, na mwanafunzi mmoja anamwomba awafundishe kusali. Anayesoma habari ya kwanza peke yake atadhani imani yote ni kutenda, na anayesoma ya pili peke yake atadhani ni kuketi tu. Luka hakutuachia nafasi ya kuchagua moja.

Naomba utulie kidogo kwa Martha, maana naona habari zako ziko karibu na zake. Hakuambiwa aache kuwahudumia wageni. Alichoonyeshwa ni kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na dalili ya hali hiyo ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwake mwenyewe: alikuwa amefika mahali pa kumlaumu dada yake, na hata kumwelekeza Bwana la kumwambia. Katika barua yako umeandika mistari mingi kuhusu wanakamati wasiojituma. Sikusemi kwa hilo, mwanangu, lakini ningependa ulichunguze kuliko huo ukavu wa maombi unaokuhofisha, kwa sababu huduma ikianza kuzaa manung'uniko juu ya wenzetu, imeacha kuwa zawadi na imekuwa deni tunalowadai.

Kuhusu kupunguza, usione kwamba ni kurudi nyuma. Marko anasimulia katika sura yake ya 1 kwamba jioni moja huko Kapernaumu mji wote ulikusanyika mlangoni, Yesu akawaponya wengi. Na alfajiri, kabla hakujapambazuka, akatoka peke yake akaenda kuomba mahali pasipo watu. Simoni na wenzake walipompata walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta, naye akajibu kwamba waende vijiji vingine. Hitaji la pale lilikuwa la kweli, wala wale waliomtafuta hawakuwa na kosa. Hata hivyo alitoka katika maombi akiwa na uwezo wa kukataa, kwa kuwa alijua ametumwa kufanya nini. Asiyeomba huitikia kila anayemwita, na mwishowe anatumwa na sifa za watu bila kujua.

Ndiyo sababu nakuhimiza ushike ile huduma ya sirini. Katika Mathayo sura ya 6 Bwana ameagiza jambo lile lile kwa sadaka, kwa sala na kwa kufunga: vifanyike mbele za Baba aonaye sirini. Kumwogesha mtu asiyeweza kukushukuru ni huduma ya namna hiyo, na mimi sioni mahali pazuri zaidi pa kujifunzia kuomba. Kabla ya kwenda, mtaje mbele za Mungu kwa jina lake. Ukiwa naye, mwombee kimyakimya huku mikono ikifanya kazi yake. Ukirudi, mshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha kaa muda mfupi bila kuomba kitu. Panga wakati mmoja usiobadilika katika siku, hata kama ni dakika chache tu, na maneno yakikosekana chukua Zaburi ya 13, ambayo inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu wake hata lini. Paulo naye anawaandikia Warumi kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea.

Tena, ukavu haumaanishi kwamba Mungu amekuacha. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu wengi walishangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi hakuwa akihisi uwepo wa Mungu aliyemtumikia. Hakuacha kusali, wala hakuacha kuwahudumia waliokuwa wakifa. Sikutakii giza la miaka mingi kama hiyo, ila nataka ujue kwamba kuomba bila kuhisi kitu ni kuomba kweli.

Na kama bado unashuku kwamba kazi ndogo ndogo zinaweza kumkuza mtu kiimani, soma Matendo ya Mitume, sura ya 6 na ya 7. Mitume walisema wao watadumu katika kuomba na kulihudumia Neno, na waamini wakachagua watu saba wa kuwahudumia wajane mezani. Stefano alikuwa mmojawapo. Huyo aliyepewa kazi ya meza ndiye aliyepigwa mawe akiwa anawaombea wauaji wake wasihesabiwe dhambi hiyo, sala inayofanana sana na ile ya Bwana msalabani.

Basi nenda ukazungumze na mchungaji wako, umweleze kwa heshima kwamba unaomba kupumzika katika kamati zote mbili, na ukabidhi kazi vizuri kwa atakayekuja, usiwaachie wenzako mzigo. Watoto endelea nao ikiwa bado unafurahi kuwa nao; kwaya utaamua mwenyewe. Ukiniandikia tena, nitumie jina la yule mzee ili nasi huku tumtaje katika sala ya jioni.

Ni mimi mama yako akupendaye.