Kamera ndogo ya filamu: bisibisi iwe ya mwisho

Kamera ndogo za filamu zinazotolewa makabatini hapa Mombasa, ukiambiwa zimekufa, usiamini upesi. Nyingi zimechafuka tu, au zilisahauliwa na betri tumboni. Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, bisibisi iweke kando kwanza. Tafuta pamba za masikio, spiriti, siki, vijiti vya meno na tochi ya simu.

Anzia chumba cha betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri ilivuja. Chovya pamba kwenye siki kidogo, sugua mpaka unga uishe, kausha, malizia kwa spiriti. Usishangae kamera ikiamka hapo hapo.

Kisha mulika lenzi. Nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni ukungu, na kwetu pwani huo ndio ugonjwa mkuu, maana unyevu hautuachi hata baada ya masika. Ukungu mdogo pembezoni hautauona kwenye picha. Ukijaa katikati, mwachie mwenyewe kamera yake hata kama anaiuza bei ya kutupa. Na ile mifuko ya ngozi inayopendeza macho usiifanye makao ya kamera, kwa sababu ngozi hukaa na unyevu. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha.

Kama bado hujanunua, shauri langu ni Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Haihitaji betri kabisa. Kipimo chake cha mwanga ni seleni iliyozunguka lenzi, inayotoa umeme wake kutokana na mwanga wenyewe. Kuipima ni rahisi: weka pete ya lenzi kwenye A (alama ya kujiendesha yenyewe), ziba lenzi na seleni kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kitokee ndani ya dirisha la kuchungulia na kamera ikatae kupiga. Ielekeze nje kwenye jua, bonyeza tena, sasa ipige. Ikikataa hata juani, huenda seleni imechoka, lakini si lazima uitupe. Ukitoa pete kwenye A, kamera hupiga kwa kasi ya 1/40 ya sekunde na wewe unachagua tundu la lenzi mwenyewe. Kwa filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), jua letu la saa sita linataka tundu la 22.

Zile kamera zilizoundwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, kama Canonet QL17, zina usumbufu wake. Betri hizo hazitengenezwi tena, na ya alkalini yenye volti 1.5 hudanganya kipimo. Betri ya vifaa vya kusikia namba 675 hukaribia zaidi, ila ukishabandua karatasi yake haidumu.

Sponji nyeusi za mlango wa nyuma ndizo zitakazokutoa jasho. Zikizeeka hugeuka lami, mwanga unapenya, na picha zinatoka na michirizi. Ikwangue lami hiyo kwa kijiti cha meno chenye spiriti, taratibu, bila kuidondoshea ndani kwenye shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga. Mifereji myembamba ijaze uzi mweusi wa sufi. Upande wa bawaba bandika kipande cha mahameli nyeusi. Vyote hivyo utavipata ukizunguka Biashara Street, na muuza vitambaa atakushangaa ukimwomba mahameli ya upana wa kidole.

Kamera yenye flashi ya ndani usiifungue. Kapasita yake huhifadhi umeme wa volti 300 hivi, na kutoa betri hakuuondoi. Hiyo mpelekee fundi.

Ukiweka filamu ya kwanza, kaza ulegevu kwa kile kishikio cha kurudishia filamu, kisha songeza filamu mbele huku ukikitazama kishikio. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, imeteleza, na utazunguka Mji wa Kale mchana kutwa ukipiga hewa. Filamu zako zikae kwenye friji, lakini zitoe mapema zipate joto la chumba zikiwa bado zimefungwa, la sivyo zitatoka jasho.

Kuosha filamu nyumbani kuna kichekesho chake. Majedwali ya filamu nyeusi na nyeupe kwa kawaida huhesabu dakika kwa dawa yenye nyuzi 20 za Selsiasi, na maji yetu ya bomba ni ya moto kuliko hapo. Itabidi chupa za dawa ziketi kwenye ndoo ya barafu, na maji ya kusuuzia pia yapoe, kwa sababu joto likipishana sana ngozi ya filamu hujikunja. Filamu ya rangi, ambayo wenzetu wa nchi za baridi huilalamikia, inataka nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15. Sisi tunaongeza birika moja tu la maji ya moto kwenye beseni.