Maswali ya Walimu: Wingu Chupani, Barometa na Kipimamvua

Nimejaribu zaidi ya mara moja kuwaonyesha wanafunzi jinsi wingu linavyotokea ndani ya chupa ya plastiki. Naweka maji, nabinya, naachia, lakini hakuna kinachoonekana. Tatizo ni nini?

Mwalimu, barua yako haikutaja moshi, na tunadhani tatizo liko hapo. Mvuke unahitaji chembe za kushikia ili ugeuke matone: angani kuna vumbi, chumvi ya bahari na moshi, ndani ya chupa safi chembe hizo ni chache mno.

Chukua chupa laini ya lita 1.5, bandua lebo. Tia vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu, funga, tikisa nusu dakika ili hewa ishibe mvuke. Fungua, ibinye kidogo, washa njiti ya kiberiti, izime, ielekeze mdomoni mwa chupa kisha achia ili ivute moshi. Kiberiti ashike mwalimu mwenyewe. Moshi uwe kidogo sana, kwa maana ukizidi utaonekana wenyewe na wanafunzi watauita wingu. Kaza kifuniko, binya kwa nguvu sekunde tano, kisha achia ghafla. Karatasi nyeusi nyuma ya chupa na tochi ubavuni husaidia sana.

Waulize wanafunzi: wingu limetokea lini? Hutokea unapoachia, na ukibinya tena linatoweka. Usiharakishe hapa, maana somo lote limo humu. Kubinya kunaipasha hewa joto. Ukiachia, inapanuka na kupoa, na mvuke unageuka matone. Ndivyo ilivyo angani: hewa inayopanda hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka na kupoa, kiasi cha nyuzijoto 10 za Selsiasi kwa kila kilomita ikiwa bado haijaanza kufanya wingu. Andaa chupa ya pili yenye maji bila moshi, ili waone tofauti. Maji ya moto sana yaepuke: hulainisha plastiki, na ukungu unaoganda kwenye kuta za chupa huziba kila kitu.

Tulitengeneza barometa, yaani kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa, kwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, puto na mrija. Ncha ya mrija hushuka kila alasiri na kupanda kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Je, tumeunganisha vibaya?

Mmeunganisha vizuri, ila mmetengeneza kipimajoto. Hewa iliyofungiwa ndani ikipata joto husukuma puto juu. Kwa kuwa mrija umegundishwa katikati ya puto na unaegemea ukingo wa chupa, ncha yake ya nje hushuka, kana kwamba mgandamizo wa nje umepungua.

Hesabu yake ifanyeni darasani. Mgandamizo wa kawaida usawa wa bahari ni kama hektopaskali 1,013. Katika joto la kawaida la chumba, nyuzijoto 1 inaongeza msukumo wa hewa iliyofungiwa kwa takriban hektopaskali 3.4. Chumba kikipanda nyuzijoto 5, hizo ni 17. Hali ya hewa yenyewe, katika siku tulivu, hubadilisha mgandamizo kwa hektopaskali chache tu. Joto linaimeza habari mnayoitafuta.

Wekeni chupa ndani ya sanduku lililojazwa vitambaa, mbali na dirisha, na kipimajoto kando yake. Linganisheni tu vipimo vilivyochukuliwa katika joto lile lile. Asiishike mtu, maana kiganja peke yake kinatosha kusogeza mrija. Puto libadilishwe mara kwa mara, kwa sababu hewa hupenya polepole kwenye mpira. Hata hivyo msikitupe kifaa cha sasa. Mwanafunzi akikizungushia viganja dakika moja na kueleza kwa nini ncha imeshuka, ameelewa hewa kuliko aliyekariri maana ya mgandamizo.

Kupanda nacho ghorofani ili kukijaribu pia hakutasaidia: karibu na usawa wa bahari mgandamizo hupungua hektopaskali 1 kwa kila mita 8 hivi, na joto la mikono litazidi hapo.

Maji yaliyovukizwa hukaa angani muda gani kabla ya kunyesha?

Kwa wastani, siku 9 hivi.

Vikundi vitatu, mvua moja, uwanja mmoja, na vipimamvua vyetu vya chupa vimetoa majibu matatu tofauti.

Bila shaka midomo ya vyombo hailingani, au mlisoma kina kwenye kitako chenye mabonde. Pimeni ujazo kwa bomba la sindano, gawanyeni mililita kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, kisha zidisheni kwa 10 kupata milimita. Mdomo wa kipenyo cha sentimita 9 una eneo la 63.6, mililita 80 zinatoa milimita 12.6. Milimita 1 ni lita 1 juu ya kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 limepokea lita 630.

Kisha angalieni mahali. Kipimamvua kikae mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo chake juu ya mdomo wa chombo, kisimame wima, na kisomwe saa ile ile kila asubuhi kabla jua halijayapunguza maji.