Wimbo wa mwezi wa Jimmy Webb na waimbaji walioujaribu

Ndugu mleta mada ameuliza kama upo wimbo wa taratibu uliotungwa na mtunzi mkubwa, ukarekodiwa na waimbaji wenye majina, na bado ukapita bila watu wengi kuujua. Na kama upo, lawama ni ya nani. Wachangiaji waliotangulia wametaja nyimbo za bendi zetu za zamani, nami nakubaliana na wengi wao. Mimi nitajibu kwa wimbo wa Kimarekani ambao nimeupiga kwa kinanda katika kumbi za hoteli hapa Mwanza kwa miaka mingi, nikiwa na waimbaji tofauti, kwa sababu huo ndio ulionionyesha kwamba wimbo unaweza kuwa mzuri kupita kiasi na bado ukamkataa mwimbaji hodari.

Unaitwa The Moon Is a Harsh Mistress, na mtunzi wake ni Jimmy Webb.

Webb hakuwa mtunzi wa kuhangaika kutafuta mlango wa studio. Alizaliwa mwaka 1946 huko Elk City, Oklahoma, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, na alianza kupiga kinanda katika kanisa la baba yake. Alipokuwa na umri wa miaka 21 tayari wimbo wake Up, Up and Away, ulioimbwa na kundi la 5th Dimension, ulikuwa umepata tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa mwaka, na By the Time I Get to Phoenix ulikuwa umempandisha chati Glen Campbell. Mwaka 1968 Campbell akatoa Wichita Lineman, na mwaka huo huo mwigizaji Richard Harris akatikisa redio kwa MacArthur Park, wimbo wa zaidi ya dakika saba ambao hakuna aliyetarajia ungepigwa redioni. Mtu wa namna hiyo akitunga wimbo, waimbaji humfuata wenyewe. Ndiyo maana suala la wimbo huu haliwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba mtunzi hakuwa na bahati.

Jina alilichukua kwenye riwaya ya Robert Heinlein ya mwaka 1966, inayohusu walowezi wa mwezini wanaoasi utawala wa duniani, lakini ndani ya wimbo hamna roketi wala uasi. Kuna mtu anayeutazama mwezi ukipita angani kama jahazi la dhahabu, uko karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa, na anaonywa asijaribu. Kisha anasimulia jinsi alivyoanguka, akaanguka peke yake, na mbingu zilivyokuwa ngumu juu yake. Hauna kiitikio. Kila ubeti unapofika mwisho ndipo linapokuja jina la wimbo, na kila mara linafuatiwa na maneno mengine, mazito kidogo kuliko yale ya mwanzo. Msikilizaji aliyezoea kusubiri mahali pa kuitikia hapati nafasi hiyo hata mara moja.

Sisi tunaokaa kando ya ziwa tuna sababu yetu ya kuuelewa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Dagaa hufuata mwanga wa taa, lakini mbalamwezi ikishawaka, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya, hivyo mitumbwi hupandishwa ufukweni na watu hushona nyavu wakisubiri giza lirudi. Usiku ambao mgeni wa hotelini anapiga picha kwa kuwa ziwa limependeza, ndio usiku ambao kule visiwani Ukerewe na kwenye mialo mingi hakuna kinachoingia mfukoni. Siku moja, tukiwa tumemaliza kuupiga wimbo huu, mzee mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa, ambaye alikuwa amekuja mjini kwa shughuli za soko la Mwaloni, aliniita mezani kwake akaniuliza dada aliyekuwa akiimba alikuwa analalamika nini. Nikamweleza maneno kwa kifupi. Akatikisa kichwa, akasema, "Huyo aliyetunga amewahi kulala njaa mbalamwezi." Sijasoma mahali popote ufafanuzi wa wimbo huu unaoushinda ule.

Sasa nije kwa waliourekodi. Mwaka 1974 ulitoka mara mbili. Joe Cocker, Mwingereza mwenye sauti ya mikwaruzo, aliuweka kwenye albamu I Can Stand a Little Rain, na Webb mwenyewe akampigia kinanda. Glen Campbell naye aliurekodi kwenye albamu Reunion, ambayo ilikuwa ya nyimbo za Webb. Mwaka uliofuata Judy Collins aliuimba kwenye albamu Judith. Mwaka 1977 Webb akauimba mwenyewe kwenye El Mirage, chini ya mtayarishaji George Martin, yule yule aliyefanya kazi na Beatles. Mwaka 1982 Linda Ronstadt akauingiza kwenye Get Closer. Kwa orodha ya namna hiyo mtu angedhani wimbo ungekuwa unaimbwa na kila bendi ya hoteli duniani.

Tazama kilichotokea. Albamu ile ya Cocker ndiyo iliyokuwa na You Are So Beautiful, wimbo ulioingia tano bora Marekani mwaka 1975, na mpaka leo ukitaja albamu hiyo watu hukumbuka huo tu. Albamu ya Collins ndiyo iliyokuwa na Send in the Clowns, na yaleyale yakajirudia. Ronstadt alitoa Get Closer na mwaka mmoja tu baadaye akageukia nyimbo za zamani akiwa na okestra ya mpangaji wa muziki Nelson Riddle, mashabiki wakahamia huko pamoja naye. Wimbo wa Webb umekuwa kama mtoto wa kati katika nyumba yenye kifungua mimba hodari: halaumiwi kwa lolote, ila wageni wakija haitwi. Hiyo ni sehemu ya jibu, na ni sehemu ambayo haimhusu mwimbaji wala mtunzi. Kampuni huchagua wimbo mmoja au miwili ya kupeleka redioni, na wimbo usio na kiitikio mara nyingi hauchaguliwi.

Sehemu ya pili ya jibu ni ya uimbaji wenyewe, na hapa nitasema ninavyosikia, mwingine anaweza kusikia tofauti. Campbell alikuwa na sauti safi isiyotetereka, na muziki wa kantri una wapenzi wengi huku Kanda ya Ziwa. Sisi wanamuziki wa hotelini tunajua kwamba Jumapili jioni lazima uwe na kitu cha Jim Reeves, Kenny Rogers au Don Williams. Kupitia kanda ya Campbell ndipo nilipoufahamu wimbo huu kwa mara ya kwanza, na nilimpenda sana. Hata hivyo, kadiri nilivyoupiga ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sauti yake ina afya mno kwa mtu anayesema ameanguka kifudifudi. Ala za nyuzi zinapopanda nyuma yake, anapanda nazo, na mwisho wa wimbo unamwona amesimama wima. Collins ana sauti ya kioo, nzuri kuisikiliza, lakini mwezi wake uko mbali tangu neno la kwanza, kwa hiyo hakuna kishawishi cha kunyoosha mkono. Ronstadt ana nguvu ambayo waimbaji wachache walijaliwa, na wimbo huu hauhitaji nguvu.

Cocker namweka pembeni kidogo, kwa heshima. Yeye anaimba kama mtu ambaye maneno yanamtoka kwa shida, na kinanda cha Webb kinamsubiri. Kwenye ubeti wa kuanguka unamwamini kabisa. Tatizo langu kwake ni ubeti wa kwanza, kwa kuwa anauanza akiwa tayari ameumia, na wimbo unadai kwamba mwanzoni mtu awe bado anashangaa uzuri.

Aliyeupata wote, kwa masikio yangu, ni mwimbaji ambaye wengi humu huenda hamjamsikia. Anaitwa Radka Toneff, Mnorwe ambaye baba yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za asili kutoka Bulgaria. Mwaka 1982 yeye na mpiga piano Mmarekani Steve Dobrogosz walirekodi albamu iitwayo Fairytales katika kituo cha sanaa cha Henie Onstad karibu na Oslo, na wimbo wa kwanza kabisa ni huu. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna nyuzi. Ni piano na sauti ya mwanamke tu. Anauanza kwa wepesi, karibu kwa furaha, kama anayemwonyesha mwenzake kitu angani. Sauti haikui wimbo unavyoendelea, inapungua. Anapofika pale pa kuanguka hapaigizi, anapataja tu, na Dobrogosz anaacha nafasi kati ya sauti moja ya piano na nyingine mpaka unajikuta umeshika pumzi. Toneff alifariki Oktoba mwaka huo huo, akiwa na miaka 30. Mwaka 2011 wanamuziki wa Norway walipopiga kura kuchagua albamu bora ya nchi yao ya nyakati zote, waliichagua hiyo. Kwa hiyo wimbo haukuwa na kasoro. Ulikuwa unasubiri mtu wa kupunguza, na karibu kila aliyeujaribu kabla yake alikuwa ameongeza.

Mwaka 1997 Charlie Haden, mpiga besi aliyekulia Missouri katika familia ya wanamuziki wa kantri, na mpiga gitaa Pat Metheny, mwenyeji wa jimbo hilo hilo, waliupiga bila maneno kabisa kwenye albamu Beyond the Missouri Sky, ambayo ilipata Grammy. Nawaomba wapiga gitaa wa humu wausikilize kwa utulivu, kwani wataona jinsi sauti zenyewe zinavyobeba maana hata maneno yakiondolewa.

Nasema haya yote kwa kuwa tumeyapitia. Bendi yetu ni ya kupiga kopi, na mwimbaji tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa dada aliyekulia kwenye kwaya, mwenye pumzi ndefu na madoido mengi ya kanisani. Tulipouanza mazoezini, mpiga dramu aliweka mdundo wa taratibu wa kawaida, mpiga solo akajaza kila pengo, na dada akaupandisha mwisho wa kila ubeti kama anavyopandisha pambio. Watu waliokuwa wanapanga viti walipiga makofi, lakini hakuna aliyebaki na neno hata moja la wimbo. Nikawaomba wapiga ala wote wapumzike, tubaki wawili. Nikashusha ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti, hadi mahali ambapo hawezi kupiga kelele hata akitaka. Nikamwomba aseme maneno ya ubeti wa tatu bila kuyaimba, akiwa ameketi, kisha ayaimbe kwa sauti ile ile aliyoyasema nayo. Alikasirika kidogo, kwani alihisi namnyang'anya kipaji chake. Aliposhika mstari wa mwisho, ule unaosema kwamba mwezi ni mgumu kuwa wako, hakuupandisha. Aliumalizia chini, sauti ikakatika kabla ya pumzi, na mimi nilichelewa kuinua mguu kwenye pedali kwa sababu nilikuwa namsikiliza yeye. Mpiga dramu alikuwa amesimama mlangoni na soda yake, na hakurudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo tuliupiga hivyo, watu wawili, katikati ya onyesho ambalo kabla na baada yake watu walikuwa wanacheza.

Kuhusu lawama, basi, nisingemtupia Webb hata chembe. Kuna wanaodai kwamba mtunzi mwenye akili angeweka kiitikio ili wimbo uuzike, lakini kiitikio kingempa mtu wa kwenye wimbo mahali pa kupumzikia, na habari yake ni kwamba hana mahali hapo. Nisingewalaumu sana waimbaji pia, maana walifanya kile ambacho kazi yao inawadai, yaani kuonyesha uwezo. Lawama kubwa naiweka kwenye desturi ya studio ya kudhani kwamba wimbo wa huzuni unahitaji kusaidiwa kwa wingi wa ala. Desturi hiyo tunayo na sisi. Wimbo wa taratibu ukipelekwa studio hapa mjini, kabla mtunzi hajamaliza kuuimba kwa gitaa lake, mtayarishaji ameshaanza kuuwekea mdundo.

Mleta mada ameandika pia kwamba ana mwimbaji ambaye angependa ajaribu kitu cha aina hii. Namshauri asianze na Campbell, ingawa ndiye rahisi kumpata. Aanze na Webb mwenyewe kwenye Ten Easy Pieces ya mwaka 1996, ambako anaziimba tena nyimbo zake kwa utulivu, kinanda kikiwa mbele. Sauti yake si ya mwimbaji mkubwa, na hilo ni faida kwa anayejifunza, kwa sababu utausikia wimbo bila kuvutwa na mwimbaji. Baada ya hapo amsikilizishe Toneff, lakini mara chache tu, asije akamwiga. Ufunguo aushushe kuliko anavyodhani inafaa. Na kama mpiga kinanda wake ni wa kanisani, amwambie acheze polepole kama anavyocheza wakati wa sadaka watu wakiwa bado wanapita, asijaze nafasi yoyote ambayo mwimbaji ameiacha wazi.