Re: Daktari bingwa wa upasuaji wa dharura hufanya nini hasa?

Umeuliza kama daktari mwandamizi wa upasuaji wa ajali hushinda chumba cha upasuaji tu. Hapana, ndugu yangu. Kazi kubwa ni kuamua, tena haraka. Majeruhi anapofikishwa, mara nyingi mimi husimama miguuni pa kitanda bila kushika chochote, nikisikiliza timu: njia ya hewa iko wazi? Anapumua? Damu inatoka wapi? Nikiinamia jeraha moja, hakuna atakayemwona mgonjwa mzima.

Na upasuaji wenyewe wakati mwingine ni kujizuia. Aliyepoteza damu nyingi mwili hupoa, asidi huongezeka, damu hugoma kuganda. Ukitaka kumaliza kila kitu siku hiyohiyo, atakufia mezani. Kwa hiyo tunafunga mishipa inayovuja, tunalibana ini kwa vitambaa, tumbo tunaliacha bila kushona, limefunikwa tu, anakwenda chumba cha wagonjwa mahututi apashwe joto na kuongezewa damu. Tunarudi kumalizia, kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 48. Madaktari wachanga huona kuacha hapo ni kugumu kuliko kukata, na nawaelewa.

Halafu kuna ndugu wanaosubiri nje. Hao nawaendea mwenyewe, simtumi mtu.